Zana Zinazolala kwa Mama Atoo

KUKARIBISHA

Mgeni rasmi, Afande Lamwaka, msimamizi wa kota zetu za askari, wazee wetu, majirani mliotoka Kalerwe na Kamwokya, karibuni karakana. Kaeni kwa raha. Viti mlivyokalia tumevitengeneza sisi, na Mama Atoo amevitikisa kimoja kimoja asubuhi hii. Kimoja kililia kidogo, akakiondoa. Ndiyo maana katibu wetu Esperance anawasomea akiwa amesimama.

Tumeandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kinachotukutanisha. Sisi ni wake na wajane wa askari, wengi wetu kutoka kaskazini, pamoja na ndugu zetu waliotoka Kongo. Kila mmoja ana lugha ya kwao ya kugombana, lakini tukishika mbao tunaelewana.

Mama Atoo mwenyewe ni yule pale karibu na mlango, mwenye kilemba cha kijani na tambara la mafuta mkononi. Tulimwambia leo ni sherehe, aliweke chini hilo tambara. Amekataa.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, zana zetu za kwanza zilinunuliwa na marehemu Kidega, mume wa Mama Atoo, kutoka kwa seremala mmoja aliyekuwa anahama mjini: msumeno, randa, nyundo na patasi. Mama Atoo alizipokea kama mtu anavyopokea mtoto wa ndugu yake. Lakini yeye ni mke wa askari, na kwa mke wa askari kutunza kitu ni kuking'arisha. Vifungo ving'ae, buti zing'ae, afande akipita aone uso wake humo.

Basi akatuanzishia paredi ya zana kila Ijumaa. Tulizipanga mezani, tukazisugua kwa msasa, meno ya msumeno na makali ya patasi hatukuyaacha, halafu tukazipaka dawa ya viatu. Mama Atoo akipita kukagua, moyo wake ulijaa. Alijisemea kwamba Kampala nzima hakuna zana zinazotunzwa hivi.

Ndipo akaja Papa Anselme, seremala kutoka Bukavu, Kongo. Tukampa msumeno kwa fahari. Akauweka kwenye ubao, akavuta, ukateleza. Akavuta tena, ukateleza. Akauinua, akajitazama ndani yake.

"Mama, musumeno hii iko muzuri sana," akasema. "Mutu anaweza kunyoa ndevu mbele yake. Lakini kukata, hapana."

Mama Atoo alitamani ardhi ipasuke immeze. Siku ile chakula alikirudisha. Alihisi kama kwamba zana zilikuwa zinamwamini na yeye akaziumiza. Kesho yake akaja na birika la chai, akaketi karibu na Papa Anselme, akauliza, "Papa, basi kutunza ni nini?"

"Makali kwanza, mama. Kungaa ni ya buti."

Jina la kikundi chetu, Makali Kwanza, likatoka hapo. Paredi ya Ijumaa hatukuiacha, ila siku hizi hakuna zana inayopita kwa sura yake. Patasi lazima ichonge ncha ya mti laini, na kama inaponda badala ya kukata, inarudi kwenye jiwe la kunoa. Nyundo inavutwa kichwa kuona kama mpini umelegea. Drili ya umeme inapulizwa vumbi, na waya wake unapapaswa kwa vidole kuanzia mwanzo hadi mwisho, kutafuta palipochubuka. Halafu kila chuma kinafutwa kwa tambara lenye mafuta kidogo, kinakwenda kulala mahali pakavu.

JINSI TUNAVYOCHAGUA

Hii sehemu ni ya Mama Atoo, tusipoisoma atanuna. Tulipotaka drili alikwenda na Alanyo, mwenzetu, kwenye duka la vyuma njia ya Kalerwe. Muuzaji akatoa moja nyekundu, inang'aa hasa. Mama Atoo, ambaye kung'aa kulishamtia aibu, hata hakuigusa.

"Kaboni zake unazo?" akauliza. Hizo ni vile vipande vidogo vya ndani ya mota vinavyokwisha kwa kazi.

"Nyabo, mama yangu, hii haiharibiki."

"Kama haiharibiki, kaa nayo wewe."

Alanyo anasema walizunguka maduka hadi miguu ikawaka moto. Mwishowe wakapata drili moja ya kijivu, nzito, isiyo na sura, lakini muuzaji alivuta droo akaonyesha kaboni, swichi na hata waya wa akiba. Hiyo ndiyo mnayoiona ukutani. Imetoboa nusu ya makabati ya jikoni ya mtaa huu na bado haijatuangusha.

MAFANIKIO

Tumetengeneza madawati ya watoto wetu, vitanda, makabati na milango. Mjane akija hapa hajui hata kushika nyundo, anaondoka na kazi mikononi. Pia mnaona pale kando ya ukuta kitanda cha mvule. Ni cha mteja wa Kamwokya ambaye hajaja kuchukua mzigo wake.

CHANGAMOTO

Umeme unakatika, paa linavuja, na mlango wetu hata mbuzi anaweza kuusukuma. Kwa hiyo tangu mwanzo zana zinalala nyumbani kwa Mama Atoo, mle kota. Randa chini ya kitanda, misumeno nyuma ya kabati. Marehemu Kidega alikuwa akisema nyumba yake ina misumeno mingi kuliko vijiko, lakini mvua ikinyesha yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinuka kuzisogeza zana zisilowe.

Kidega ametutoka. Nyumba ya kota ni ya askari aliye kazini, na mwisho wa mwezi huu Mama Atoo anaikabidhi. Hatubishi utaratibu, maana hata yeye aliipata kwa utaratibu huo huo. Ameshafunga mizigo yake ya kwenda Kitgum, kule kaskazini. Zana amezipaka mafuta zote, akamwonyesha Alanyo namna ya kuzilaza, na wakati anamwonyesha alikuwa hamtazami usoni.

OMBI

Mgeni rasmi, Mama Atoo aliipitia risala hii jana. Alitukataza kumtaja kwa shida zake. "Risala si matanga," alisema. "Mnamwita mgeni halafu mnamlilia? Ombeni mashine ya kuranda, inatosha." Tukamwitikia, ndiyo mama, halafu usiku tukaandika upya.

Afande, tusamehe, na yeye atusamehe. Mashine hatuitaki. Siku tukipata yenye vipuri tutainunua wenyewe.

Tunaomba kile chumba kilicho nyuma ya karakana, chenye madawati mabovu, ambacho kinasimamiwa na ofisi yako. Tunaomba Mama Atoo akae humo, awe mtunza zana wetu. Madawati tutayatengeneza, paa tutaliziba, mlango tutaupiga wa mbao nene. Hatusemi kwamba akiondoka zana zitaharibika. Papa Anselme anajua kunoa, na Alanyo sasa anajua kuchagua. Tunasema tu kwamba tunampenda na hatutaki aende.

Mama, usiinuke, tunamalizia. Kile kitanda cha mvule, hakuna mteja wa Kamwokya. Ulipokitikisa ukasema mguu wa nyuma unalegea, tulikifungua tukaanza upya. Ulipokirudia Ijumaa ukasema mteja huyu ana bahati, Papa Anselme alitoka nje akisingizia vumbi. Kitanda ni chako. Tumekiinua juu kidogo kuliko vya wengine, ili randa iingie chini yake.

Mgeni rasmi, kitanda kiko tayari, kinangoja chumba.

Mungu akupe afya na akufikishe kwako salama, na nyumba yako isipungukiwe na watu unaowapenda.

Ni sisi,
Kikundi cha Makali Kwanza,
Kawempe, Kampala.