Kosa Lililosemwa: Risala ya Watu wa Maabara wa Handeni na Korogwe

Mgeni wetu rasmi, Mganga Mkuu wa Mkoa; waganga wakuu wa wilaya mlioongozana naye; Bi. Nurbanu Fidahussein, mwenye nyumba wetu. Wanachama wenzetu na familia zenu.

Tunakusalimu kwa salamu za imani zetu zote, maana ndani ya chumba hiki zipo zote. Sisi ni wanachama thelathini na wanne wa Umoja wa Wataalamu wa Maabara za Afya, Tawi la Handeni na Korogwe. Anayekusomea ni katibu wa tawi, Habakuki Kaleb, lakini maneno haya tumeyaandika pamoja kwa Jumamosi tatu, na kuna mahali tulibishana sana.

KARIBU

Karibu Korogwe. Tunajua ulialikwa kwenye kumbi kubwa kuliko hiki chumba cha nyuma ya duka la vitambaa. Hata hivyo hapa ndipo tulipokulia. Mwaka tulioanza hatukuwa na pa kukutana, na Bi. Nurbanu alipotuona tumesimama barazani kwake na kisanduku cha slaidi, vile vioo vya kupimia damu, alituuliza tunauza nini. Tulipomweleza, alisema: "Mnapima damu za watu wiki nzima, halafu siku ya mapumziko mnakuja kupimana wenyewe? Basi ingieni. Wanangu wamehamia Dar, chumba kinakaa bure." Tangu siku hiyo hajawahi kutufungia mlango.

TULIKOTOKA

Mtu wa maabara, Mgeni rasmi, ni mtu wa chumba cha mwisho. Mgonjwa anamjua daktari wake, anamjua nesi aliyemchoma sindano. Sisi anauona mkono tu, umetokeza kwenye kidirisha kupokea kikopo. Vijijini mara nyingi mkono huo ni wa mtu mmoja, kutwa nzima, na akikosea hayupo wa kumwambia.

Mwaka 2019 Bi. Rhoda Mhina, msimamizi wa maabara katika kituo kimoja cha mjini hapa, aliamua kutupigia simu mmoja mmoja. Kwake ni Magoma, mjukuu wa mkata mkonge, na ni mtu asiyejua kuzunguka maneno. Alituambia: "Njoo Jumamosi na slaidi zako kumi. Mimi nitasoma zako, wewe utasoma zangu. Tuone nani anamdanganya mgonjwa." Tulikwenda watu saba. Siku hiyo tuligundua kwamba katika kila slaidi kumi za malaria, mbili hatukukubaliana. Hakuna aliyecheka njiani kurudi nyumbani.

Hapo ndipo tawi lilipozaliwa. Tulimchagua Bi. Rhoda mwenyekiti, naye ameongoza vipindi viwili vya miaka mitatu, ambavyo ndivyo katiba yetu inavyoruhusu. Kazi hii haina mshahara wala ofisi. Kwa miaka sita amebeba kisanduku cha slaidi amekifunga kwa kitenge, akipanda bodaboda mpaka vituo ambavyo gari halifiki, Jumamosi yake ikiisha hivyo.

TULICHOFANIKIWA

Tunabadilishana slaidi kila mwezi kati ya vituo kumi na kimoja. Zile mbili katika kumi leo ni moja katika arobaini. Tumewafundisha wenzetu wapya tisa.

Lakini jambo tunalojivunia kuliko yote ni Daftari la Makosa. Ni wazo la Bi. Rhoda. Kila kituo kina daftari la kawaida la shule, na anayekosea anaandika mwenyewe: nilikosea nini, niligunduaje, nimebadilisha nini. Mwisho wa mwezi tunasoma kwa sauti humu chumbani, bila kumtaja mgonjwa. Mwanzoni tuliandika vikosa vya kuchekesha, kama kusahau kofia ya kalamu. Polepole tukaanza kuandika ya kweli, na ya kweli ndiyo yaliyotufundisha kazi.

LILILOTUPATA

Mgeni rasmi, kwa kawaida sehemu hii huitwa changamoto, na huwa na orodha. Sisi tuna moja, na tunaomba utuache tuisimulie kama ilivyokuwa. Kituo ilikotokea hatutakitaja.

Mwenzetu Mathias Stefano alikuwa peke yake katika maabara ya kituo cha afya cha vijijini, chenye chumba cha upasuaji na jokofu dogo la damu. Asubuhi moja ya Oktoba mwaka jana walikuja akina mama wawili waliohitaji kupimwa kundi la damu. Mmoja alikuwa mjamzito anavuja damu, jina lake Rosa, naye ameturuhusu kumtaja. Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Mathias alichukua damu ya wote wawili, akaweka mirija mezani, akaitwa dirishani, akarudi, ndipo akaandika majina. Sote tumefundishwa kuandika jina kabla mgonjwa hajainuka kwenye kiti. Siku hiyo hakufanya hivyo, na majina yakapishana.

Rosa ni kundi O. Karatasi ilisema A. Chupa ya damu ya kundi A ikatolewa kwenye jokofu, ikapelekwa wodini.

Mathias akaendelea na kazi. Alipofika kwa yule mama wa pili alifungua kadi yake ya kliniki ili anakili jibu, akakuta kundi lake limeshaandikwa tangu mimba iliyopita: A. Yeye alikuwa amemwandikia O. Anatuambia kwamba hakufikiri chochote. Alikimbia. Alimkuta nesi ameshatundika chupa na sindano iko mkononi mwa mgonjwa.

"Dada, usifungulie!" alisema. "Hiyo damu siyo yake."

"Si umepima mwenyewe?"

"Nimepima mwenyewe, na nimekosea mwenyewe. Iteremshe."

Haikuingia hata tone moja. Alipima upya, mara mbili, daktari akiwa amesimama pembeni yake, ikatolewa damu sahihi. Rosa alifanyiwa upasuaji adhuhuri, akapata mtoto wa kike. Wote wawili wazima.

Baada ya hapo Mathias alikaa chini akaandika kwenye daftari. Nesi hakuwa na nia ya kulisema. Daktari alimpiga bega akamwambia yameisha. Angeweza kunyamaza, Mgeni rasmi. Aliandika ukurasa mzima na nusu, akaweka sahihi, na nakala akaipeleka kwa uongozi wa kituo, kwa sababu ndivyo tulivyomfundisha sisi.

Wiki mbili baadaye alipewa barua ya kujieleza, na ushahidi ulioambatanishwa ulikuwa ukurasa wake mwenyewe. Mwezi uliofuata aliondolewa maabara, akawekwa dirisha la kadi, kuandikisha wagonjwa. Yuko pale mpaka leo. Maabara ile sasa inafunguliwa siku tatu kwa wiki, mtaalamu anapoazimwa kutoka kituo kingine.

Rosa aliporudi kliniki na mtoto aliuliza, "Yule baba wa maabara aliyekuja anakimbia yuko wapi?" Wakamwonyesha dirisha. Akaenda akasimama kwenye foleni kama wengine, na zamu yake ilipofika akasema, "Baba, niandikie kadi ya mwanangu." Mathias akaandika. Rosa anasema Mathias aliuliza jina la mtoto mara mbili kabla ya kuliandika.

KURASA TUPU

Mwezi wa Januari tulikutana humu kusoma madaftari. Bi. Rhoda alifungua la kwanza: tupu. La pili: tupu. Alifungua yote kumi na moja. Vituo kumi na kimoja, mwezi mzima, hakuna aliyekosea.

Tuliangalia vikombe vyetu. Kila mmoja alijua alichokiona kwa Mathias.

Bi. Rhoda hakutugombeza. Alivua miwani, akasema: "Usafi huu unanitisha. Basi nianze mimi, maana mimi ndiye niliyewaambia muandike, na langu sijawahi kuliandika."

Haya anayokusomea katibu sasa, Bi. Rhoda alisomewa kwanza, naye amekubali.

Alisema kwamba miaka kumi na miwili iliyopita, akifanya kazi upande wa Handeni, aliletewa slaidi ya mtoto wa miaka minne. Siku hiyo alikuwa na msiba na basi lilikuwa linamsubiri. Aliangalia haraka, akaandika hakuna vimelea vya malaria. Mtoto akarudishwa nyumbani na dawa ya kikohozi. Siku ya tatu aliletwa hajitambui, na hakupona. Bi. Rhoda alirudi kwenye kisanduku, akaitoa ile slaidi, akaiweka kwenye hadubini. Vimelea vilikuwa tele.

"Niliiosha," alisema. "Niliiosha ile slaidi kwa sabuni, nikaikausha, nikairudisha na zile safi. Sikumwambia mtu. Hata hili tawi, mkitaka kujua, nililianzisha kwa sababu hiyo."

Bi. Nurbanu, aliyekuwa ameleta chai, aliweka sinia chini akaketi nasi.

Februari Bi. Rhoda alikwenda Mkata, huko Handeni, kumtafuta mama wa yule mtoto. Tulimwambia asiende. Wengine wetu tulimwambia kwa ukali, na leo tunaona aibu. Mama yule bado anaishi kule, analima mahindi na mihogo, na ametuomba tusitaje jina lake. Alimpa mgeni wake kiti. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Mume wangu aliniambia nilimchelewesha. Wifi zangu walisema nilimchelewesha. Miaka kumi na miwili mimi mwenyewe najua nilimchelewesha. Kumbe nilimleta mapema?"

"Ulimleta mapema, mama," Bi. Rhoda akamjibu. "Mimi ndiye niliyechelewa."

Mama yule hakumsamehe siku ile. Alimwambia tu aende, na asimame njiani kwa mume wake aliyekuwa shambani, amwambie na yeye kwa mdomo wake. Bi. Rhoda akafanya hivyo. Mume aliweka jembe chini, akamgeuzia mgongo, akaelekea nyumbani kwa mkewe.

Mwezi wa Machi madaftari saba yaliletwa yameandikwa. Manne bado yalikuwa tupu, na hatuwalaumu wenye manne hayo. Wana watoto, na wamemwona Mathias dirishani.

UONGOZI

Kipindi cha Bi. Rhoda kiliisha Juni. Fomu za uenyekiti zilikaa mezani hapa wiki tano. Sisi tunaokusomea tukizungumzia ujasiri, kila mmoja wetu alizipita. Mmoja alisema ana mgonjwa nyumbani, mwingine anasoma, mwingine alisema wazi: "Mwenyekiti ndiye atakayeandika kosa la kwanza. Mimi sitaki dirisha."

Siku ya mwisho fomu moja tu ilirudishwa, imejazwa kwa mwandiko ule ule wa ule ukurasa mmoja na nusu. Tulimuuliza Mathias kwa nini, naye alitujibu: "Mimi wameshaniondoa. Ninyi bado mna cha kupoteza. Acha nishike mimi mpaka woga uwaishe."

Tulimpigia kura zote thelathini na nne. Amekaa pale, safu ya pili, shati la bluu. Alitusihi tusilisome hili. Tulipiga kura tena, akashindwa.

TUNALOOMBA

Mgeni rasmi, tulikualika ili usimike uongozi mpya, na tunakushukuru kwa kukubali. Hatuna uhakika kama habari za Mathias zimewahi kukufikia, ndiyo maana tumezisoma hapa, mbele yako na mbele yake.

Hatuombi kosa lake lifutwe. Lilikuwa kosa, na Rosa angeweza kufa. Tunaomba litenganishwe na kukiri kwake. Anayekamatwa na anayejileta wasipewe barua ya aina moja. Ukiweza kulisema hilo kwa maandishi kwa vituo vyote, yale madaftari manne yatafunguka. Na mahali panapotolewa damu, pawe na watu wawili, japo wa pili awe mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, ili awepo wa kusema, "Hebu angalia tena."

La mwisho ni fupi. Katiba yetu inasema mwenyekiti lazima awe anafanya kazi maabara. Tulipomchagua Mathias tulivunja katiba yetu, tukijua. Msajili wa vyama akituuliza, hatuna jibu. Wewe unalo. Utakapomwita mbele kumvisha beji, tunaomba umuulize mwenyewe kazi anayofanya kila asubuhi, umsikilize, halafu utuambie sisi kama tupige kura upya au tumsindikize Jumatatu maabara.

Mungu akulinde barabarani na akupe moyo mwepesi wa kusikia mazito. Awape afya Rosa na binti yake, amfariji mama wa Mkata na mumewe, na atupe sisi macho yasiyochoka na ndimi zisizoogopa.

Ni sisi, kwa heshima zote,
Umoja wa Wataalamu wa Maabara za Afya,
Tawi la Handeni na Korogwe.