Mwalimu Polikarpo na Kasa wa Mwali

Baba Paroko, ndugu, majirani wa Gongo la Mboto na wanafunzi wake mliojaa uwanja huu, familia imenituma mimi, Erasmus, mtoto wa mdogo wake, niwasomee maisha ya Mwalimu Polikarpo Mutayoba.

Alizaliwa Kamachumu, mkoani Kagera, tarehe 26 Januari 1956, akasoma huko huko hadi kidato cha nne mwaka 1975, mwaka ambao Komoro ilijitangazia uhuru, visiwa vya Ngazidja, Nzwani na Mwali vikatoka mikononi mwa Wafaransa na kisiwa cha Maore kikabaki, habari aliyoisikia redioni ikamkaa kichwani moja kwa moja. Alihitimu ualimu mwaka 1978, akapangiwa Temeke, akafundisha jiografia hadi alipostaafu mwaka 2016. Tarehe 5 Januari 1985 alifunga ndoa na Mama Avelina, wakajaliwa Felicitas, Brightson na Hope.

Mwaka 2013 alisafiri kwenda Komoro kukusanya habari za kitabu cha shule, akauona mlima Karthala wenye volkano iliyo hai, na tarehe 2 Agosti akapanda boti kwenda Mwali, kuwaona popo wenye mabawa yanayokaribia upana wa mikono ya mtu mzima iliyonyooshwa, na kasa wanaopanda ufukweni kutaga. Injini ikafa, boti ikapotea. Siku ya nne Mama Avelina akapigiwa simu kwamba wote wamekufa maji, turubai likafungwa, tukaanza kulia. Tarehe 8, saa nne asubuhi, simu ikaita tena.

“Avelina, mie Polikarpo, nipo Mwali.”

“Usinichezee wewe! Felicitas nilimzalia wapi?”

“Kwenye teksi, pale Ubungo, dereva akalia kuliko wewe.”

Mama aliketi chini akicheka na machozi yakimtoka, na wali wa msiba tukaula kwa vigelegele. Maji yalikuwa yamewatupa kwenye kisiwa kidogo kisicho na mtu, wakaokolewa na wanakijiji wa Mwali waliokuja kulinda mayai ya kasa, watu wenye lugha inayokaribiana na yetu, waliomvika shati kavu na kumlisha wiki nzima. Kitabu alikimaliza mwaka 2015.

Mwaka 2022 aligundulika kuwa na saratani ya tezi dume, ikaingia mifupani, na miezi miwili ya mwisho hakupata usingizi kwa maumivu. Jumatatu iliyopita alilala vizuri, na Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa moja asubuhi, alifariki kitandani kwake, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe. Mama Avelina ameniagiza niseme wazi kwamba anamlilia, lakini moyo wake umetulia, kwa sababu alikuwa amechoka kumwona akiteseka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliokuwa mkipokezana kumgeuza kitandani, walimu wenzake, na jumuiya yetu kwa sala zenu.

Mwalimu, hakuna kinachokuuma tena. Pumzika kwa amani, baba yetu.