Anord Shemweta, Mtafsiri wa Filamu wa Lukozi

Mama yetu, baba mchungaji, wazee wa ukoo, majirani na nyote mliopanda mlima kwa barabara hii ya masika, mimi ni Aron, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yetu Anord Nikodemo Shemweta, ambaye tutamzika leo Jumanne tarehe 13 Mei 2025. Naomba mnivumilie, kwa sababu sehemu moja ya historia hii ni ndefu kuliko ilivyozoeleka, na nilimwahidi marehemu kwamba nitaisoma yote.

Marehemu alizaliwa Alhamisi tarehe 14 Machi 1974 hapa hapa Mtae, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa marehemu mzee Nikodemo Shemweta na mama yetu Marta, akabatizwa mwezi wa Mei mwaka huo, na mama anasema tangu mdogo alikuwa mtu wa kuiga sauti, akiiga jinsi mzee wa kanisa alivyokohoa kabla ya kutangaza sadaka, mpaka baba alipokuwa akishika fimbo amchape alishindwa kwa kucheka.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1982 hadi 1988, akaendelea na sekondari Lushoto hadi kidato cha nne mwaka 1992, hakufaulu hesabu, lakini alirudi nyumbani na Kiingereza kizuri na sanduku la magazeti ya zamani, akawa akiwasomea wazee habari zilizokwisha kupitwa na miaka miwili, nao wakizipokea kama za jana.

Kwa upande wa kazi, kuanzia mwaka 1994 alikuwa akiwatembeza wageni wanaotoka Lushoto kwa miguu hadi hapa Mtae, na tarehe 2 Juni 2001 alifungua banda lake la video pale Lukozi, banda la mabanzi na turubai, lenye televisheni moja, mabenchi tisa, na jenereta lililoangaliwa na jirani yake Hashimu, mkulima wa viazi, ambaye mnamwona pale mbele amevaa kofia. Siku za soko wakulima na wapakizi wa kabichi walijaa hadi mlangoni, marehemu akasimama kando ya televisheni na kipaza sauti mkononi, akiwatafsiria kila neno na kuwapa wahusika makwao, jambazi akawa mtu wa Mombo, askari akawa mtoto wa Rangwi, na mwanamke mwenye bastola akasalimia kwa Kisambaa, “Onga mshi,” kabla ya kufyatua.

Mwezi wa Agosti 2007 mgeni mmoja aliyemaliza matembezi alimwachia mfuko wa diski akisema mzigo umemwelemea, na ndani yake zilikuwamo filamu kumi na moja za kuchekesha, zote za aina moja, filamu za mapenzi kati ya mwanamume na mwanamume, zilizotengenezwa kwa fedha kidogo sana, kiasi kwamba kochi moja la kijani lilitokea katika nyumba tatu tofauti, na kivuli cha kipaza sauti kilipita ukutani watu wakila chakula. Karibu zote ziliendeshwa na kosa moja, la watu kumdhania mtu sivyo alivyo, huyu akidhaniwa anapenda wanaume kumbe anajifanya ili apate chumba cha kupanga, na yule akidhaniwa ni mchumba wa binti wa watu, kumbe anayemkosesha usingizi ni kaka wa binti.

Marehemu hakuthubutu kuzitafsiri zilivyo, alizitungia maneno mengine, na wengi mliopo hapa mlicheka. Aliyependwa kuliko wote alikuwa kijana mmoja mrefu, na tafsiri yake wengine mnaikumbuka kwa moyo: “Mnamwona huyu? Huyu ni wa Soni. Mjomba wake amemchagulia mke, yeye hataki, basi amejifanya hapendi wanawake kabisa. Jamani, mjomba wa Kisambaa unamdanganya kwa hilo?” Wapakizi walipiga mabenchi, na siku moja mmoja wao akapaza sauti kutoka nyuma, “Na wewe Anord, mjomba wako yuko wapi?” naye bila kuondoa macho kwenye televisheni akajibu kwenye kipaza sauti, “Yuko Mtae, barabara imekatika!” watu wakalia machozi kwa kucheka.

Hata hivyo, hakuna hata mmoja wetu aliyepata kuona mwisho wa filamu zile, kwa sababu kila zilipobaki dakika tano marehemu alizima, akasema diski imekwaruzika, watu wakamtukana, “Osha diski zako, bwana, unatula!” naye akawarudishia nusu ya kiingilio au akawawekea filamu ya ngumi. Hashimu ameniambia kwamba diski zilikuwa nzima, na kwamba asubuhi za Jumatatu, banda likiwa tupu, marehemu alimwomba awashe jenereta kwa nusu saa, akaketi peke yake kwenye benchi la mbele akaangalia zile dakika tano, kisha akatoka nje kufagia maganda ya karanga. Nilipomuuliza Hashimu kama aliwahi kumdadisi, alinijibu hivi, “Hakuniambia, na mimi sikumuuliza, tulikuwa tunakunywa chai.”

Banda lilifungwa mwaka 2016 baada ya kila mtu kupata simu, marehemu akabaki akitengeneza redio na kuwawekea watu filamu kwenye memori kadi, katika chumba chake cha Lukozi, na huko tulikwenda kumwona kwa nadra, tukidhani mtu aliyewachekesha watu wote hawezi kukosa wageni. Wiki iliyopita nilipokwenda kukusanya vitu vyake nilikuta kiti cha watu wawili alichotengenezewa na seremala mwaka 2012, upande mmoja umebonyea hadi mbao zinahisika, upande wa pili uko kama siku kilipotoka kwa fundi.

Sasa nafika kwenye ndoa, na hapa wazee wa ukoo walinishauri niandike kwamba marehemu hakujaliwa kuoa, niishie hapo, ushauri ambao walinipa kwa upendo na kwa kutukinga na maneno ya watu, lakini mama alisema, “Mwanangu alisema isomwe. Isomwe.” Kwa hiyo nasoma.

Tarehe 8 Novemba 2003 familia yetu ilipeleka barua ya posa kwa wazazi wa Beatha, binti wa kitongoji cha pili, barua ikapokelewa, na arusi ikapangwa kufanyika Jumamosi tarehe 25 Septemba 2004. Mwezi wa Julai, mbuzi wakiwa wamekwisha kununuliwa, Beatha alileta neno kwamba hamtaki tena, hakutoa sababu, akaenda Tanga kwa dada yake, na sisi tukajitungia sababu wenyewe, kwamba amepata mwenye gari. Mimi ninayesoma nilikwenda uwanjani kwa wazazi wake na kusema, mbele ya mama yake aliyekuwa anapepeta maharage, “Mmemuua kaka yangu,” na tangu siku hiyo wanawake wa kwetu hawakuitikia salamu ya mama yule, naye akahama benchi kanisani, akakaa kule nyuma hadi alipofariki mwaka 2013. Beatha aliolewa Mazinde mwaka 2008, na mwaka uliofuata, dada yetu alipoolewa, Beatha alituma kitenge kama zawadi, tukakirudisha kikiwa kimekunjwa vilevile.

Kwa miaka ishirini habari yetu ilikuwa hiyo, na katika kila arusi ya ukoo shangazi mmoja alisema, “Anord bado anamlilia yule binti,” naye akatabasamu na kujibu, “Kidonda hakijafunga, shangazi,” tukamhurumia, tukampa nyama iliyonona, kisha tukaendelea kucheza ngoma.

Marehemu alianza kuumwa mwishoni mwa mwaka jana, akapungua mwili, na tarehe 11 Februari 2025 alikutwa na saratani ya ini iliyokwisha kuenea, tukamleta hapa nyumbani kwa mama. Jumamosi tarehe 22 Machi, alasiri, mvua ikinyesha, aliniomba nimshikie simu, akafungua ile filamu ya kijana wa Soni, akaisogeza hadi dakika tano za mwisho, tukaangalia pamoja, na hizi ndizo dakika alizotuficha: wale vijana wawili wameketi kwenye kochi la kijani, mmoja anamega mkate anampa mwenzake, wanabishana kama dirisha lifungwe au liachwe, wanabusiana kidogo, kisha yule mrefu anainuka kufunga dirisha, basi. Nikamuuliza, “Ndiyo hii tu?” akasema, “Ndiyo hii tu, Aron. Mimi nilikuwa natafuta hii tu.”

Ndipo aliponieleza kwamba moyo wake tangu ujana ulielekea kwa wanaume, kwamba hakuwahi kuishi na yeyote, kwamba aliogopa, na miaka ikapita akiogopa, na kwamba Jumamosi tarehe 3 Julai 2004 alimwambia Beatha ukweli huo kwa sababu hakutaka kumwingiza mtoto wa watu katika nyumba isiyo na mume, akalia, na Beatha ndiye aliyesema, “Ukikataa wewe watakuuliza kwa nini. Nitakataa mimi. Mimi watanitukana tu, watachoka.” Marehemu alikubali, na alisema hakuna jambo aliloona aibu nalo maishani kama kule kukubali, kwa maana sisi hatukuchoka. Kitu pekee alichoniomba ni kwamba historia yake itakaposomwa, jina la Beatha lirudishwe mbele ya watu walewale waliolichafua, yeye mwenyewe akiwa ndani ya jeneza, mahali ambapo hataweza tena kutabasamu na kusema kidonda hakijafunga.

Nilikwenda Mazinde tarehe 30 Machi kumwomba Beatha radhi na ruhusa, nikamkuta akipanga vitunguu mbele ya nyumba, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Karibu uketi, shemeji,” hivyo ndivyo alivyoniita, “mume wangu anajua, nilimwambia kabla hajaleta posa. Soma. Mama yangu tu ndiye ningependa angesikia.”

Sikusimama hapa kumtetea kaka yangu wala kumhukumu, wapo miongoni mwenu watakaoondoka na uzito mioyoni na sina neno la kuwapunguzia. Nasema tu kwamba tulimpenda mtu tuliyemdhania, tukamwonea huruma kwa huzuni ambayo haikuwa yake, na ile iliyokuwa yake alikaa nayo mwenyewe, miaka hamsini na mmoja, umbali wa saa moja na nusu kwa basi kutoka kwetu.

Marehemu alifariki Ijumaa tarehe 9 Mei 2025, saa nne asubuhi, mama akiwa amemshika mkono, na ameacha mama, ndugu wanne na watoto wa ndugu kumi na watatu, ambao wote aliwafundisha kuiga sauti za watu wazima.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kumweleza hali yake bila kumficha, majirani wa Mtae waliochota maji na kuleta kuni tangu Ijumaa, wafanyabiashara wa Lukozi waliofunga vibanda vyao leo, waliokuwa wenzake katika kazi ya kutembeza wageni, na Hashimu, aliyekuja kila Jumatatu kwa wiki saba na chupa ya chai, akaketi naye bila kumdadisi.

Bi Beatha, umekaa kule nyuma karibu na masufuria, na ninajua kwa nini umechagua pale. Familia ya Shemweta inakuomba radhi wewe na marehemu mama yako, mbele ya hawa wote, nami wa kwanza. Dada zangu, sogeeni, mpisheni. Shemeji, njoo ukae hapa kwenye mkeka wa wafiwa, karibu na mama, na tutakapofika kaburini utaweka shada pamoja nasi, likitajwa kwa jina lako.

Lala salama, Anord, mtoto wa Marta. Leo tunakuzika wewe.