Safi Yenye Doa: Bi Mvuke Anaaga Udobini

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, mkuu wetu wa chumba cha kukunjia atavua aproni yake ya buluu, ataitundika kwenye msumari wa karibu na dirisha, na Jumatatu hatarudi. Ameutumikia udobi wa hospitali hii kwa miaka thelathini na minne. Wapo madaktari wanaotibu hapa leo ambao walipozaliwa walifungwa kwenye mashuka aliyoyakunja yeye, na mmoja wao amekwisha kukumbushwa jambo hilo mbele ya wagonjwa wake.

Sisi tunamwita Bi Mvuke. Jina hilo alilipata wiki yake ya kwanza, mpira wa mvuke wa pasi kubwa ya roli ulipopasuka na chumba kizima kikajaa mvuke. Kila mtu alikimbilia mlangoni. Yeye alitokea mwisho kabisa, amebeba rundo la mashuka kichwani, akilalamika kwamba yataingia unyevu.

Alianzia upande wa nguo chafu, ambako hakuna anayeomba kupelekwa, akahamia kwenye mashine, kisha akapewa chumba cha kukunjia. Ni yeye aliyepigania toroli za nguo chafu zipite mlango wake na za nguo safi zipite mwingine. Leo tunaona ni jambo la kawaida, lakini siku hizo aliambiwa anajifanya daktari. Mwandishi wa makala hii alipofika hapa kutoka mbali, na lafudhi iliyowachekesha watu, Bi Mvuke hakumwuliza katoka wapi wala kwa nini. Alimwuliza kama anajua kukunja pembe za shuka. Kwa mtu aliyekuwa amekwisha kuulizwa mengi njiani, swali hilo lilikuwa pumziko.

Lakini kazi yake tutakayoikumbuka zaidi ni rafu ya tatu. Zamani shuka lililogoma kutoa doa lilitupwa, hata kama limechemshwa na halina kijidudu hata kimoja. Bi Mvuke alikataa. Aliyakata mashuka hayo vipande vidogo, akayapinda kingo, akayapanga rafu ya tatu ya chumba cha kukunjia, kisha akayapeleka wodi ya watoto wachanga kwa ajili ya vitanda vyao. Juu ya rafu alibandika karatasi: SAFI YENYE DOA. Karatasi imebadilishwa mara nyingi, maneno ni yaleyale.

Sasa tuje kwenye lile jambo ambalo kila mgeni wa udobi huliulizia baada ya siku mbili tatu. Bi Mvuke hawi shahidi wa kitu chochote. Mwenzetu akinunua kiwanja na kuhitaji shahidi, Bi Mvuke atampikia chai lakini hatatia sahihi. Wakibishana kantini nani alimaliza sukari, naye alimwona, atasema, "Mimi msiniulize, mdomo wangu nimeshautumia." Arusi nne za idara hii zimempita hivyohivyo. Anakuja, anacheza, anaondoka na maua ya mezani. Kushuhudia, hapana.

Sababu yake haikuwa siri hata siku moja, kwa kuwa aliitangaza mwenyewe.

Miaka ishirini na kitu iliyopita tulikuwa na mkunjaji mmoja kijana, mama wa mtoto mchanga wa kike. Mumewe alikuwa akimpiga. Siku alipomvunja mkono, mama yule alimchukua mwanawe akatoweka. Mume akaenda mahakamani kudai kwamba mtoto wake ameibwa, na akaomba mkuu wa chumba cha kukunjia aitwe kutoa ushahidi. Bi Mvuke aliapa kusema kweli na kweli tupu. Hakimu akamwuliza kama anajua mama na mtoto waliko. Yule mume alikuwa ameketi benchi la pili, karibu kiasi cha kusikia mtu akihema.

"Sijui, Mheshimiwa," Bi Mvuke alijibu. "Tangu aache kazi sijamwona."

Asubuhi hiyo alikuwa amewaacha nyumbani kwake, katika chumba cha marehemu mama yake. Mtoto alikuwa amelala ndani ya kikapu cha nguo kilichotandikwa mashuka ya rafu ya tatu, mashuka yaliyokwisha kufutwa hesabuni, tunasisitiza, mkaguzi asije akashtuka.

Mambo yakaenda vizuri. Mkono ulipopona, mama yule alipata wakili wa msaada wa sheria, daktari akaeleza alichokiona, na mahakama ikampa mama mtoto wake na kumpiga marufuku mume kuwasogelea. Hakuna aliyemkumbuka shahidi wa siku ile. Ndipo Bi Mvuke alipoomba ruhusa ya nusu siku, akavaa gauni lake la heshima na kusema anarudi mahakamani.

"Kesi imekwisha," fundi wetu wa boila alimwambia. "Unarudia nini huko, cheti?"

Alirudi kusema kwamba alidanganya. Hakimu yuleyule alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia maneno ambayo Bi Mvuke hutukariria bila kupunguza hata moja: "Ninaelewa kwa nini ulifanya hivyo. Lakini kesho mama mwingine atasimama hapo uliposimama, aseme hajui, na iwe kweli hajui. Na mimi nitakukumbuka wewe."

Alishtakiwa, akakiri, akafungwa miezi mitatu. Gerezani walimpeleka wapi? Udobini, bila shaka. Alitoka huko na malalamiko mazito juu ya wanavyokunja blanketi. Wenzake walikuwa wamegawana zamu zake na kuilinda nafasi yake, na msumari wa karibu na dirisha haukuguswa na mtu. Hata hivyo alirudi na uamuzi ambao hatukuweza kumshawishi auache: aliyeliharibu neno lake mbele ya kiapo asilikopeshe tena kwa mtu. Kifungo kilikwisha kwa miezi mitatu, ila maneno ya hakimu aliyabeba miaka yote hii.

Kantini yetu imelijadili jambo hili kuliko uchaguzi wowote. Fundi wa boila hajawahi kurudi nyuma hata hatua moja. "Kiapo ni kiapo," husema. "Ukikitoboa tundu kwa ajili ya mwema, kila mwenye shida zake atapita humohumo, na mume yule naye angepita."

"Unasema hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kukuvunja mkono," mama wa stoo humjibu. "Mimi ningeapa mara kumi, na ningeongeza chumvi!"

"Si angenyamaza tu, dada?"

"Ningenyamaza, kaka," Bi Mvuke huingilia hapo bila kuinua macho kutoka kwenye sahani, "mume yule angejua ninajua. Jioni ileile angenifuata mpaka mlangoni."

Fundi kushindwa hakubali, na tunampenda kwa hilo. Bi Mvuke mwenyewe hampi ushindi yeyote kati yao. Mama wa stoo akimwita shujaa, hukunja uso. Anasema alitenda kosa ambalo siku ile hakuona njia ya kulikwepa, na kwamba hiyo haikuligeuza kuwa si kosa. Ndiyo maana alilifuata kwa miguu yake badala ya kungoja limfuate.

Jambo moja zaidi, maana yeye hatalisema. Siku ya kuhukumiwa, alipoulizwa kama ana neno, alijibu, "Kama pangekuwa na sikio moja tu la kuambiwa bila yule bwana kusikia, ningeliambia." Wakili wa msaada wa sheria aliyashika maneno hayo na kuyapeleka kila alikoweza kuyapeleka. Siku hizi katika mahakama ile, shahidi anayehofia usalama wa mtu humweleza hakimu faraghani, milango imefungwa. Hatudai kwamba ni Bi Mvuke peke yake aliyeyaleta hayo. Tunachojua ni kwamba mwaka jana mfagizi mmoja wa wodi za hapa aliulizwa swali kama lile, akajibu kweli tupu, na hakuna aliyedhurika. Bi Mvuke aliposikia alikaa juu ya kikapu cha nguo akalia kidogo, kisha akatuuliza tunatazama nini.

Yule mtoto wa kikapuni sasa ni fundi umeme, tena hodari. Wiki tatu zilizopita alikuja chumba cha kukunjia akiwa bado na bisibisi mfukoni. Anaolewa Jumamosi, siku moja baada ya sherehe ya kumuaga mstaafu wetu, kwa msajili wa ndoa.

"Shangazi, nataka uwe shahidi wangu."

"Mwanangu, unanijua. Mimi si shahidi wa mtu. Tafuta mwenye neno zima."

Tuliokuwapo tulijifanya tunakunja. Binti hakubisha. Alikwenda kwenye rafu ya tatu, akavuta kishuka kimoja na kukiinua dirishani, doa la kahawia likaonekana katikati.

"Hili doa halitoki?"

"Halitoki. Nimelijaribu kwa kila njia."

"Na mnamlaza nani juu yake?"

"Si unajua? Watoto wachanga."

"Wale wa siku moja? Kwenye shuka lenye doa?"

"Ni safi, wewe!" Bi Mvuke alipandisha sauti, kama apandishavyo kwa kila anayeikashifu rafu yake. "Lina doa, lakini ni safi. Mimi mwenyewe ningelilalia."

Binti alikikunja kishuka, akakikunja vibaya sana, pembe moja huku nyingine kule, akakirudisha mahali pake. Bi Mvuke alikitazama kwa muda mrefu kuliko kinavyostahili kutazamwa. Kisha akakichukua, akakikunja upya, akakipigapiga kwa kiganja kama mtu anayemlaza mtoto.

"Jumamosi saa ngapi?" aliuliza.

Kwa niaba ya udobi mzima, tunakushukuru, Bi Mvuke, kwa milango miwili, kwa rafu ya tatu, kwa mikono uliyoifundisha kazi bila kuiuliza ilikotoka. Msumari wako wa dirishani tumekubaliana usitundikwe kitu kingine kwa sasa. Uwe na afya, usingizi mrefu na asubuhi zisizo na king'ora cha zamu. Na Jumamosi, msajili akikuuliza kama unayoyashuhudia ni kweli, jibu kwa sauti. Sisi tutakuwa benchi la nyuma, pamoja na fundi wa boila, ambaye bado anasema kiapo ni kiapo, na ambaye amekwisha kuleta shati lake lipigwe pasi.