Gaston Musonda Kilufya na Ushuhuda Aliouchelewesha

Marehemu Gaston Musonda Kilufya alizaliwa tarehe 9 Mei 1957 katika kambi ya wafanyakazi, Panda, mtoto wa tatu wa Albert Kilufya na Élisabeth Mwape. Alisoma shule ya msingi ya parokia, kisha ya ufundi hapa Likasi, akahitimu kulehemu mwaka 1976. Maisha yake yote ya kazi alilehemu mabomba ya viwanda vya shaba, mwishoni kule Kakanda.

Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa na Rosalie Ngosa. Rosalie alipohamia kanisa la maombi, Gaston alibaki Mkatoliki. Jumapili walitoka pamoja hadi njia panda, wakaagana hapo kama wasafiri.

Mwaka 2020 moyo ulimshika akiwa Johannesburg kwa binti yao Laure. Aliwekewa stenti, kimirija cha wavu wa chuma kinachoushikilia mshipa ubaki wazi. Mwaka 2022 mshipa ukajibana tena ndani ya stenti ileile. Madaktari wa Johannesburg walikuwa wakilipima puto dogo la kupanulia mshipa, lililopakwa dawa: wagonjwa wengine walipanuliwa mshipa kwa hilo, wengine kwa puto tupu, bila kuambiwa ni lipi. Gaston alikubali kuwa mmoja wao.

Alirudi Likasi akitembea bila kuhema. Rosalie akataka ashuhudie kanisani kwamba amepona.

"Papa Laure, bantu banangoya."

"Bangoye. Bamunganga bangali banapima. Minye sijue hata balinipatia puto gani."

"Mungu anajua."

"Basi aniambie, nitasimama."

Rosalie hakucheka. Aliogopa kwamba mtu asiyeshukuru hurudiwa na ugonjwa.

Mwishoni mwa 2024 ukarudi kweli. Jaribio lilikuwa limekwisha, puto la dawa likaonekana bora, na madaktari wakamwambia: lake lilikuwa puto tupu. Rosalie alilia, akisema kwamba kimya cha mumewe kanisani ndicho kilichouleta. Jumapili iliyofuata Gaston hakuishia njia panda. Alisimama kanisani kwa mkewe.

"Banalinganisha puto ya dawa na ile yangu ya bule. Bagonjwa benye kuya nyuma yangu, bamunganga batajua babapatie gani. Ni kwa ile ninashukuru. Mama Laure, kunyamaza yangu haikuleta kitu."

Rosalie ndiye wa kwanza kuitikia "Amina".

Alifariki nyumbani tarehe 11 Juni 2025, akisubiri nguvu za safari ya Johannesburg, akapanuliwe mshipa kwa puto la dawa.

Ameacha mjane, Rosalie, ambaye tangu Jumapili ile hakumdai neno jingine. Watoto Laure, Ghislain na Carmel. Na wajukuu watano. Mungu ampokee Gaston, ampe pumziko lake.