Profesa Osewe Obonyo, Mzaliwa wa Mashimoni

Profesa Osewe Obonyo alizaliwa tarehe 14 Mei 1971 huko Mashimoni, Kibera, kifungua mimba wa marehemu Mzee Obonyo na Mama Apiyo. Kwenye programu mlizopewa mlangoni, Mama naye ameandikwa marehemu. Wenzake wa chuo waliozichapisha hawana kosa. Waliandika alichowaambia mwenyewe. Familia inaona haya, na mimi dada yake, Adhis, nimeombwa nisome ukweli.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Kibera, kisha mwaka 1987 akaingia shule ya bweni. Siku ya wazazi, Mama, aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga, alifika getini na chapati.

"Osewe?" askari akashangaa. "Si huyo alituambia mamake alikufa?"

Mama akamkabidhi mfuko. "Basi mpatie. Mwambie zimetoka kwa jirani."

Chapati alizila zote. Barua ya shukrani haikuja.

Chuo kikuu alibobea katika riwaya za kisasa za Kimarekani. Tasnifu yake ya uzamifu, 2006, ilihusu wahusika wanaokimbia walikozaliwa na kujitungia ukoo mwingine. Alifundisha jambo hilo vizuri mno, mpaka wanafunzi wakakaa sakafuni kumsikiliza. Siku moja Mwongeli, mwanafunzi wake, alimwuliza, "Na wewe Prof, kwenu ni wapi?" Akasema muda umekwisha. Ulikuwa haujaisha.

Tarehe 8 Desemba 2001 alifunga ndoa na Mwalimu Nekoye huko Kawangware. Mama alikuwepo harusini, nyuma ya kanisa, akikaanga samaki wa wageni. Nekoye alikuja kujua kwamba mkaanga samaki yule ni mama mkwe wake alipojifungua Celine, na alilia sana. Baadaye walihamia ghorofa za Nyayo Highrise, ng'ambo tu ya Kibera. Kutoka dirishani kwao bati la nyumba ya Mama linaonekana, na pazia la dirisha hilo lilikuwa halifunguliwi.

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Mama alipeleka supu hospitalini, akawakuta maprofesa wamezunguka kitanda.

"Mimi ni jirani tu," akawaambia kabla hawajauliza.

Osewe alifumba macho. Walipoondoka alilia kama mtoto.

"Mama, nimekuaibisha."

"Kunywa kwanza, inapoa."

Alikunywa yote. Lakini maprofesa walirudi mara nyingine, na bado hakuwaambia. Alitutoka alfajiri ya Jumanne iliyopita. Tulimpenda, na jambo hili linatuuma.

Ameacha mjane, Nekoye. Watoto, Celine na Okeyo. Mimi dada yake. Na mama yake mzazi, Apiyo, ambaye yu hai. Amekaa kule nyuma, na majirani.

Mama, tafadhali njoo mbele ukae kando ya jeneza la mwanao.

Pumzika sasa, Osewe, mwana wa Apiyo.