Mama Nta Anaiaga Maabara ya Tishu

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara ya tishu ya hospitali yetu, Mama Nta anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 30 Juni. Utaratibu ulimruhusu kubaki miaka miwili zaidi. Ameamua kwenda nyumbani, na sababu wote tunaijua.

Jina hilo alipewa na madereva wa gari la wagonjwa, kwani hakuna jioni aliyotoka kazini bila nta iliyogandia kwenye koti lake. Kazi yake ilikuwa kupokea vipande vya mwili kutoka chumba cha upasuaji, kuvigandisha ndani ya nta, kuvikata vyembamba mno na kumpelekea daktari avisome kwenye hadubini.

Mgeni hapa hakuanza na mashine. Aliambiwa kwanza ajifinye. Ngozi uliyoishika, Mama Nta alieleza, ni epithelia, tishu ya kufunika, na ndugu zake wametandikwa mdomoni na ndani ya utumbo. Kinachoishikiza ngozi hiyo ni tishu unganishi, na mfupa, mafuta na hata damu ni jamaa zake. Vidole vimefinya kwa nguvu ya misuli. Na kilichokufanya ukunje uso ni neva. Tishu kuu ni hizo nne, na hakuna mkubwa aliyejaliwa ya tano. Mwandishi wa maneno haya alijifinya mpaka akabaki na alama, akaambiwa somo limeingia.

Kosa alilolichukia ni kulaza ngozi ndani ya nta badala ya kuisimamisha kwa ubavu. Ikilazwa, kisu kinapita tabaka la juu tu, na daktari haoni ugonjwa umezama kiasi gani. Mkosaji aliyeyusha nta na kuanza upya, Mama Nta akiwa amesimama nyuma yake bila neno. Afadhali angetugombeza.

Mwezi wa Januari mumewe, fundi seremala, alipatwa na kiharusi akiwa karakanani. Mkono wa kulia hausogei, na kauli imepotea. Mwenzetu anayeosha vioo alimfariji kwamba shemeji atapona tu. Mama Nta alishukuru, kisha akasema taratibu, "Ngozi hujifunga, mdogo wangu, na mfupa huunga. Ubongo uliokufa haurudi. Nimeukata miaka yote hii." Tulilia pale pale kwenye chumba cha chai, na chai ikapoa.

Yeye hakukaa kulia. Alikwenda kwa daktari wa neva, akarudi na jibu: sehemu jirani ya ubongo yaweza kufundishwa kazi ya ile iliyokufa, ila kwa mazoezi ya kila siku, tena mapema. Huko mapema ndiko kulikomtoa kwetu. Sasa, akiwa kwenye likizo yake ya mwisho, kila asubuhi anakaa mbele ya mumewe, wanatazamana midomo, wanajaribu sauti moja baada ya nyingine. Mume bado hajatamka neno.

Mama Nta, ahsante. Wagonjwa wengi walipata majibu ya kweli kwa mikono yako, na hawakuwahi kukuona. Hatutakuambia kwamba atapona, maana ulitukataza kusema tusichokiona. Tunakuombea nguvu, na nyumba yenye amani. Siku shemeji atakapokuita, hata kama ni nusu ya jina, usitutumie ujumbe. Piga simu maabara, umshikie karibu na mdomo, nasi tumsikie.